Simba na Yanga si mahasimu

Wiki ya dabi ya Kariakoo ikifika, redio za Dar es Salaam huwa hazina habari nyingine. Kocha kasema nini, nani majeruhi, mwamuzi ni nani. Katika kelele hizo nasikia watangazaji wetu wakizidi kupenda kuzitaja Simba na Yanga kama "mahasimu wa jadi". Msemo huu wasomaji wa magazeti ya Nairobi wanaujua vizuri. Sisi tulikuwa na wetu, watani wa jadi, na sioni tulichokosa hadi tukaazime.

Hasimu ana asili ya mahakamani. Kwa Kiarabu, khasm ni yule mliyesimama naye mbele ya kadhi, kila mmoja na dai lake. Ndio wale wawili wanaosimuliwa katika Surat Sad, waliopanda ukuta wakamwingilia Nabii Daudi mihrabuni, mmoja akilalamika kwamba mwenzake ana kondoo majike tisini na tisa na bado anamtaka hata yule mmoja aliye naye yeye. Na mlalamikaji huyo, pamoja na uchungu wake wote, anamtaja mwenzake kuwa ni ndugu yake.

Neno hilo lilipoingia katika Kiswahili, kh ikalainika kama ilivyolainika katika hatari na habari, na konsonanti mbili za mwisho zikatiwa irabu, kama rasm ilivyokuwa rasimu na ism ikawa isimu. Tukapata hasimu, kuhasimiana, uhasama. Lakini mahakama zetu zina mdai na mdaiwa, mlalamikaji na mlalamikiwa. Hasimu akabaki mitaani bila kesi wala hakimu, na ugomvi usio na hakimu haukawii kuwa uadui. Ndivyo neno linavyosikika leo: watu waliohasimiana hawasalimiani, hawazikani. (Anayetembea madukani Muscat asishtuke akiona khasm imeandikwa kwa herufi kubwa kwenye vioo. Hakuna aliyegombana na mtu, ni punguzo la bei. Kwa Kiarabu neno hilohilo lina maana hiyo pia.)

Tungeweza pia kusema mpinzani, naye ni wa kwetu kabisa. Shina lake ni pinga, kuweka kitu kikakingama njiani, na humo ndimo zilimotoka pingamizi na pingu. Tazama mwisho wake: mna -ana, ileile ya kupendana na kupigana. Mshindani naye anayo. Huwezi kuwa mpinzani peke yako. Lazima awepo wa pili, naye akuhesabu wewe kuwa mpinzani wake. Kwa bahati mbaya siasa zimelichosha neno hili. Tangu mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, mpinzani Tanzania ni mtu wa chama fulani hata pale anapounga mkono hoja. Zanzibar wamefika mbali zaidi: tangu 2010, chini ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa, Maalim Seif Sharif Hamad aliwahi kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais, na bado watu wakamwita kiongozi wa upinzani.

Sasa mtani. Wangoni na Wahehe walimwagiana damu katika miaka ya 1870 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1880. Vita vilipokwisha hawakubaki mahasimu, waliingia katika utani, na utani una sheria zake. Nenda kwenye msiba wenye watani uone. Wafiwa wanalia, mtani anatoka chumbani amevaa koti la marehemu, anatembea kama alivyokuwa akitembea, anadai deni ambalo halijawahi kuwepo. Anaficha jembe la kuchimbia kaburi mpaka apewe chochote. Ndugu wa marehemu hawana ruhusa ya kukasirika. Na mtani huyohuyo ndiye anayeshika jembe kaburini, anayechota maji, anayehakikisha wageni wamekula. Amenunua haki ya kukusema kwa wajibu wa kukuzika.

Hilo ndilo neno waliloitwa Simba na Yanga. Yanga ilianza 1935, Simba 1936, na mitaa ya Jangwani na Msimbazi haiko mbali; mtu anaweza kutoka makao ya klabu moja hadi ya nyingine kwa miguu. Familia moja ina pande zote mbili. Novemba 5, 2023, Yanga walipoifunga Simba mabao 5-1, mtu wa Msimbazi hakuweza kupungiwa kiganja bila kuhesabu vidole. Wenye umri walijibu kwa kukumbusha 5-0 ya Mei 2012, iliyokwenda upande mwingine. Majina ya kutaniana kama Makolo na Utopolo, yote yanamezeka kwa sababu anayeyatamka ni mtani. Yatoe kinywani mwa hasimu uone kama hayatakuwa matusi.

Wala Wakenya wenyewe hawakosi neno zuri. Gor Mahia na AFC Leopards wakikutana, mchezo huo huitwa dabi ya mashemeji, kwa kuwa mashabiki wengi wa pande hizo ni Wajaluo na Waluhya, majirani wanaooana. Shemeji hutaniwa, lakini hachukiwi. Hasimu waachiwe wanasiasa. Liliwafaa kabisa Uhuru Kenyatta na Raila Odinga mwaka 2017, kabla hawajapeana mikono Machi 9, 2018.

Ndugu zangu watangazaji, neno mnalo. Dabi ijayo semeni watani wa jadi, kama walivyosema waliowatangulia kwenye hivyo vipaza sauti.