KOMPYUTA NYINGI, MPANGILIO MMOJA

Ndugu Makatibu na Wanachama,

Vyama vingi vya msingi sasa huweka vitabu vyao katika kompyuta, na taarifa hupelekwa kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika kwa njia ya mfumo wa MUVU. Basi vyama vinaponunua mashine kwa pamoja swali huzuka: je, fundi aipange kila moja peke yake, au apange moja na kuinakili kwa zilizosalia?

Njia ya pili ni bora. Fundi huandaa kompyuta moja, tuiite kompyuta mama, akaweka mfumo endeshi na programu ya hesabu. Kisha huchukua taswira ya diski nzima na kuimwaga katika mashine nyingine kwa flashi au waya wa mtandao. Clonezilla, programu itolewayo bure kutoka Taiwan, hufanya kazi hiyo. Mkaguzi naye hunufaika: awe Pangani au Muheza, hukuta leja mahali pale pale.

Lakini anayenakili hunakili na makosa. Katika chama kimoja nilikuta hisa na mikopo ya watu wasio wanachama wake. Fundi alikuwa amenakili mashine ambayo katibu wa chama jirani alikwisha kuitumia majuma mawili! Urari ulikataa kulingana. Lililonisikitisha zaidi ni kwamba madeni ya watu yalisomwa na wasiohusika, na nywila ya katibu yule ilifungua mashine zote. Kutenganisha hesabu kulituchukua siku nne.

Kwa hiyo kompyuta mama isiingizwe jina la mwanachama hata mmoja. Ikiwa ni ya Windows, kabla ya kunakili fundi aendeshe Sysprep, ambayo huondoa utambulisho wa mashine ili kila nakala ijipatie wake. Mashine mbili zenye jina moja hugombana mtandaoni. Ila Sysprep haifuti takwimu mlizokwisha kuingiza, msidanganyike hapo. Kila katibu naye aweke nywila yake siku ya kwanza.

Leseni zihesabiwe sawa na mashine, kwani kunakili programu si kuinunua. Tena msinakili Windows 10 katika mashine mpya: Microsoft ilisitisha matengenezo yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Taswira yenyewe ihifadhiwe katika diski mbili, moja nje ya ofisi. Hapa kwetu Raskazone hewa ya chumvi huila mashine upesi, na mwenye taswira hurudi kazini siku hiyo hiyo. Hata hivyo taswira hurudisha programu tu. Leja za jana hazimo. Hizo zinakiliwe kila jioni, na diski yake ifungiwe katika kasha la fedha.

Mkaguzi wa Ushirika,
Raskazone, Tanga