Usinunue amplifaya kwa kutazama jina tu

Ilikuwa Jumamosi jioni nyumbani kwangu Umoja. Watoto walikuwa wameketi kwenye zulia, na majirani wawili walikuwa wamefika kusikiliza rumba ya Franco kwenye amplifaya niliyoinunua mjini asubuhi hiyo. Nilichomeka waya ukutani, nikabonyeza swichi. Badala ya muziki tulisikia mlio mmoja mkubwa, kisha harufu ya kuungua ikajaa sebuleni. Akiba ya miezi minane iliteketea kabla hata dakika haijaisha, na muhula uliofuata tulichelewa kulipa karo ya kifungua mimba wetu.

Fundi aliyeikagua aliigeuza nyuma akanionyesha maandishi madogo: volti 100. Chombo hicho kilitengenezwa kwa matumizi ya Japani, ambako stima ya nyumbani ni volti 100. Yetu hapa Kenya ni volti 240. Muuzaji hakunieleza, nami sikuuliza. Macho yangu yalikuwa kwenye jina lililoandikwa mbele.

Majina na bei

Kuanzia Buruburu hadi Kayole, wapenzi wa muziki hubishana juu ya majina haya kama mashabiki wa Gor Mahia na AFC Leopards. Juu kabisa kuna McIntosh ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka wa 1949 na inayotambulika kwa mita zake za buluu, na Accuphase ya Japani, iliyoanza 1972. Hizi ni za wenye nazo. Amplifaya moja huuzwa kwa maelfu ya dola, pesa za kulipa kodi ya nyumba mitaani kwetu kwa miaka kadhaa.

Mwananchi wa kipato cha kadiri hutupia macho Marantz, Yamaha na NAD. Hapa ndipo wengi hupotea kwa kuhesabu wati. Marantz PM6007 hutoa wati 45 kwa kila spika, na Yamaha A-S301 wati 60. Je, ya pili ina sauti kubwa zaidi? Kidogo sana. Hata ukiongeza wati maradufu, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu. NAD 3020, iliyotoka 1978, ilikuwa na wati 20 tu, lakini sifa zake hazijafifia hadi leo.

Tena, spika nyingi za nyumbani hutoa takriban desibeli 88 kwa wati moja, ukiwa umbali wa mita moja. Katika sebule zetu ndogo, hiyo tayari ni kelele ya kumwamsha jirani wa upande wa pili wa ukuta.

Jihadhari na vyombo vya bei rahisi vyenye maandishi ya wati 3,000 za PMPO. Hizo ni wati za karatasi. Tazama nyuma uone kinatumia stima kiasi gani. Kikitumia wati 40, hakiwezi kutoa wati 3,000 za muziki.

Kabla ya kulipa

Mambo manne yatakuokoa. Kwanza, soma volti nyuma ya chombo. Kikiwa cha volti 100 au 120, kitahitaji transfoma ya kupunguza stima, nayo ina bei yake. Pili, hakikisha omu za spika zako zinakubaliana na amplifaya. Tatu, omba iwashwe dukani kwa nusu saa, usikilize spika zote mbili kwa wimbo unaoujua vyema. Nne, muulize fundi wako kama vipuri vyake vinapatikana.

Siku hizi nina amplifaya kuukuu ya wati 40, ya volti 240. Majirani wale wawili wamerudi. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, lakini ghali nayo huvunja nyumba ikinunuliwa bila kuuliza.