Uzito Ulio Juu ya Jukwaa

Anayeingia Nakuru Players Theatre huja kutazama waigizaji, si dari. Ilhali uzito wa kuogopwa uko huko juu. Wapo wanaodhani dawa ni waya nene. Sikubaliani nao. Bomba la taa la kilo 100 likining'inizwa kwa waya mbili zilizotanuka kwa pembe ya nyuzi 120, kila waya hubeba kilo 100 kamili, wala si 50; zikisimama wima, hugawana nusu kwa nusu. Mtasema kumbi zetu hazina fedha. Kweli, lakini kusogeza vishikizo vya waya ili zisimame wima kwataka spana na ngazi zaidi kuliko fedha. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka minyororo na kamba za kunyanyulia zikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa. Mwenye ukumbi, mwite kabla ya onyesho lijalo.