Amplifaya Mbili, Spika Jozi Moja

Sebule nyingi siku hizi zina vyombo viwili vya muziki. Kuna amplifaya ya stereo ya miaka mingi, ya kusikilizia rumba na taarabu, na kuna risiva yenye chaneli tano iliyonunuliwa kwa ajili ya sinema na mpira. Spika nzuri ni jozi moja tu, na mwenye nyumba hataki masanduku mengine mawili kando ya kochi. Basi anachukua waya, anaziunga amplifaya zote mbili kwenye spika zilezile, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, na kujiwekea sharti: nikiwasha hii, ile naizima.

Sharti hilo halitoshi, na wengi wanaoletea mafundi amplifaya iliyokufa kwa namna hii hushangaa, maana walidhani kama kuna kitu cha kuungua, kitakuwa spika. Spika haina shida. Yenyewe ni mzigo wa omu 8 au 4, haijali umeme umetoka chombo gani. Wanaoumizana ni amplifaya kwa amplifaya.

Sababu ni kwamba sehemu ya kutolea sauti ya amplifaya ya transista ina ukinzani mdogo mno, mara nyingi chini ya omu 0.1. Hilo limekusudiwa. Mwaka 1927 Harold Black, mhandisi wa Bell Labs huko Marekani, alibuni njia ya kuchukua sehemu ya sauti inayotoka, kuirudisha nyuma ilinganishwe na inayoingia, na kosa lisahihishwe papo hapo. Yeye alikuwa akihangaika na sauti zinazovurugika kwenye laini za simu za masafa marefu, lakini leo karibu kila amplifaya inafanya kazi hivyo. Matokeo yake, amplifaya huzishikilia volti zake kwa ubishi: ikiamriwa kutoa volti 20 itatoa 20, na ikiwa kimya itapigana ibaki sifuri.

Sasa zikutanishe mbili. Amplifaya ya wati 50 inayoendesha spika ya omu 8 hutoa volti 20, na spika huvuta ampea 2.5. Ongeza kwenye waya huohuo amplifaya ya pili, imewashwa ila haina muziki. Ya kwanza inavuta kwenda 20, ya pili inang'ang'ania sifuri, na katikati yao hakuna cha kupunguza umeme ila nyaya na ukinzani wao mdogo wa ndani. Tuseme njia nzima ni omu 0.2. Hesabu inatoa ampea 100. Haitafika huko, kwa sababu transista zitakuwa zimeshakufa njiani. Ile 2SC5200 ambayo fundi yeyote wa Kariakoo anaijua imepangiwa mwisho ampea 15. Ukifungua chombo cha namna hii unakuta rizista nyeupe za saruji, zile za omu 0.22 zinazokaa jirani na transista za mwisho, zimepasuka au zimepiga weusi, na bodi chini yake imebadilika rangi.

Na hapo ndipo spika inapoingia hatarini, kwa mzunguko. Transista ikifa mara nyingi hufa kwa shoti, ikaacha umeme wa ndani wa amplifaya, tuseme volti 35 za DC, upite moja kwa moja hadi kwenye spika. Koili ya spika ya omu 8 ukiipima kwa mita huwa karibu omu 6. Hiyo ni takriban wati 200 za joto tupu, bila muziki wowote, kwenye koili ya waya mwembamba. Harufu yake huisahau.

“Lakini fundi, si moja imezimwa?” Swali hili huulizwa kila mara, na ni la haki. Kuzimwa si kukatwa. Amplifaya nyingi za bei nafuu hazina rilei kwenye njia ya spika, kwa hiyo transista zake zinabaki zimeungwa na waya hata plagi ikiwa imechomolewa ukutani. Volti za mwenzake zinapoingia kwa mlango wa nyuma, hupitia kwenye diodi na transista hadi kwenye kapasita kubwa zilizo tupu, zikaanza kuzichaji. Taa ya mbele ya chombo kilichozimwa inaweza hata kuwaka kidogo muziki ukipanda. Zenye rilei, zile zinazotoa “tik” sekunde chache baada ya kuwashwa, zina nafuu zinapozimwa. Ila siku mtoto akiziwasha zote mbili, rilei zote mbili zitafunga.

Kinachotakiwa basi ni kitu kinachofanya kosa lisiwezekane: swichi ambayo kwayo spika haiwezi kugusa amplifaya mbili kwa wakati mmoja hata ukitaka. Madukani utaikuta ya miguu sita, yenye nafasi ya katikati isiyounga chochote. Nunua mbili, moja kwa kila spika. Miguu miwili ya katikati iende kwenye spika, miwili ya upande mmoja kwenye amplifaya ya kwanza, miwili ya upande wa pili kwenye ya pili. Ukitaka kitasa kimoja kiendeshe spika zote mbili, tafuta ya miguu 12. Angalia ampea zilizoandikwa ubavuni: wati 100 kwa spika ya omu 4 ni ampea 5, na vilele vya muziki hufika 7, kwa hiyo kile kiswichi cha ampea 3 kiache dukani. Na geuza muziki ukiwa umenyamaza; swichi hufa haraka ikigeuzwa sauti ikiwa juu.

Mbona miguu sita, wakati mitatu ingetosha kuhamisha chanya peke yake na hasi zikabaki zimeungwa pamoja? Hapa hata mafundi wazoefu huteleza. Kwenye amplifaya za zamani, hasi ya spika ni ardhi ya chombo, na kuziunga mbili huleta zaidi mvumo. Lakini vibodi vidogo vya kisasa, kama vya TPA3116 vilivyojaa sokoni, hasi yake si ardhi. Pande zote mbili za spika zinaendeshwa, na kikipewa volti 24, chanya na hasi zote hukaa karibu na volti 12. Iunge hasi hiyo na hasi ya amplifaya ya zamani huku soketi zao za RCA zikikutana kwenye runinga moja: umeshapiga shoti bila kugusa chanya. Kujua chombo chako ni cha aina gani, kizime, kichomoe, kisha pima omu kati ya terminali nyeusi ya spika na ganda la nje la soketi ya RCA. Namba ikikaribia sifuri, hasi ni ardhi. Isipokaribia, kiheshimu. Swichi inayokata nyaya zote mbili haikuulizi swali hilo, ndiyo maana naipendelea.

Vile visanduku vya kuchagulia spika, vyenye vitufe A na B, visikudanganye ukivigeuza vifanye kazi kinyumenyume. Vingi huruhusu vitufe vyote viwili vibonyezwe pamoja, na vingi vimeziunga hasi ndani kwa ndani.

Kabla hujaunga amplifaya yoyote kwenye swichi yako mpya, weka mita kwenye mlio, ncha moja kwenye mguu wa chanya ya kwanza na nyingine kwenye chanya ya pili. Sogeza kitasa polepole kutoka mwisho huu hadi ule. Mita isilie hata kidogo katikati ya safari. Rudia kwa hasi. Ikilia, swichi hiyo inaunga kabla ya kukata, irudishe.

Ila kama risiva yako ina soketi nyuma zilizoandikwa PRE OUT, achana na swichi kabisa. Toa waya wa RCA kutoka hapo uingize kwenye AUX ya amplifaya ya stereo, na spika zibaki kwenye stereo siku zote. Ukitazama sinema, chaneli mbili za mbele zinapitia stereo. Ukisikiliza muziki, risiva inalala. Kero yake ni kwamba sauti ya stereo lazima irudi alama ileile kila unapohamia sinema. Kipande cha plasta kwenye kitasa kinatosha. Usijaribu kufika hapo kwa kuchomeka waya wa spika wa risiva kwenye AUX: soketi hiyo imezoea volti moja au mbili, na wewe unailetea 20.

Kuna spika zenye terminali nne nyuma, zilizounganishwa kwa vibati vya shaba. Ukivitoa vibati, sehemu ya besi na ya juu zinakuwa mizigo miwili tofauti, na hapo kila moja inaweza kuendeshwa na amplifaya yake. Ukisahau kibati kimoja, unaweza kurudi kwenye ampea 100.

Amplifaya ya vali nayo haitaki kuachwa bila mzigo. Ikipigwa muziki huku spika imekatwa, transfoma yake ya mwisho huzalisha volti kubwa zinazoweza kutoboa insulesheni. Kwa hizo siweki swichi. Nyaya huhamishwa kwa mkono, baada ya chombo kuzimwa na vali kupoa.