Kiambishi "Ki-": Udogo Katika Kiswahili, Ukubwa Katika Kikuyu na Kichewa

Katika Kiswahili, kijitu ni mtu mwenye umbo dogo. Katika Kikuyu, kĩmũndũ ni mtu mkubwa kupita kawaida, na huko Malawi mzungumzaji wa Kichewa humwita mtu wa aina hiyo chimunthu. Mzizi wa maneno hayo matatu ni mmoja, na hata kiambishi chake ni kimoja, kwani "chi-" ya Kichewa ni ndugu wa "ki-" ya Kiswahili. Kinachotofautiana ni maana: lugha moja hukitumia kupunguza, nyingine kukuza.

Ili kuonesha udogo, majirani hao hutumia "ka-". Mkikuyu husema kamũndũ, Mchewa husema kamunthu, na Mganda humwita mtoto mdogo akaana. Katika Kiswahili, "ka" huonekana zaidi ndani ya kitenzi, ikieleza tendo lililofuata jingine, kama katika "alisimama, akaondoka". Hata hivyo, shule za Kenya hufundisha pia ngeli ya KA-TU, yenye maneno kama kagari na tugari.

Ndani ya Kiswahili chenyewe, "ki-" ina kazi nyingi. Hutaja lugha na namna ya kutenda jambo, kama Kiswahili na kitaalamu. Hutaja udogo, kama kijito kutoka mto na kijiji kutoka mji, ingawa leo kijiji ni ngazi kamili ya utawala yenye serikali yake na hakuna anayeona dharau katika jina hilo. Kiongozi naye hana udogo wowote. Asili ya jina Kilimanjaro ina maelezo kadhaa, lakini wanaoona ndani yake neno kilima wanakutana na kioja cha mlima mrefu kuliko yote barani Afrika, wenye mita 5,895, kuitwa mlima mdogo.

Uzito wa suala hili huonekana kiambishi hicho kinapomhusu binadamu. Maneno kilema, kiwete na kipofu yamezoeleka kwa muda mrefu, lakini yanamtaja mtu kwa hali ya mwili wake pekee, na wengi husikia ndani yake udogo uleule wa kijitu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ilichagua njia nyingine tangu katika jina lake, ambapo mtu anatangulia na ulemavu unafuata. Aidha, haitakuwa sahihi kusema kuwa kila "ki-" ni tusi, kwani viziwi wenyewe wamelibakiza neno hilo katika jina la Chama cha Viziwi Tanzania.

Mara nyingi heshima au dharau huamuliwa na upatanisho wa kisarufi. "Kiziwi amefika" ni sentensi ya kawaida, kwa kuwa kitenzi kinamtambua mtu. "Kiziwi kimefika" humgeuza kuwa kitu. Ndivyo ilivyo kwa kijana, kiongozi na kinyozi. Kwa sababu hiyo, tangazo la ajira huandika "vijana wanatakiwa kufika na vyeti vyao", kamwe si "vijana vinatakiwa", hata pale ambapo mwandishi ametoka kuandika, katika mstari uliotangulia, kwamba vyeti vinatakiwa kuthibitishwa.