Ute Ukeni: Lini Ni Kawaida, Lini Twende Hospitali?

Akina mama wenzetu, kuna neno ambalo wanawake hutuambia kwa sauti ya chini kikundi kinapokwisha na wengine wameshaondoka: "Nesi, natokwa na uchafu." Katika kazi yetu ya uuguzi hapa Dodoma tumelisikia kwa mama wa shambani na kwa mama wa ofisini. Wengi huwa wamekaa na tatizo miezi mingi. Wengine wamekwisha kumeza vidonge vilivyobaki kwa jirani. Na wengine wameshutumiwa na waume zao kuwa si waaminifu, kumbe hali waliyo nayo haitokani na uzinzi hata kidogo. Ndiyo maana tunalizungumza waziwazi.

Si kila ute ni ugonjwa

Uke hujisafisha wenyewe. Ndani yake wamo vijidudu rafiki wanaotengeneza asidi, nayo huzuia vijidudu vibaya visistawi. Ute wa kawaida hauna rangi au ni mweupe, hauwashi wala haunuki vibaya. Siku za katikati ya mzunguko, yai linapopevuka, huwa mwingi na huvutika kama ute wa yai la kuku. Wakati wa ujauzito pia huongezeka. Kila mwanamke ana kawaida yake. Ijue ya kwako, ili ikibadilika utambue mapema.

Ukibadilika

Ute mzito mweupe kama maziwa ya mgando, pamoja na kuwashwa sana, mara nyingi ni fangasi. Huwapata zaidi wajawazito, wenye kisukari, waliotumia antibiotiki na wale ambao kinga yao imepungua. Wakirudi mara kwa mara, pima sukari na virusi vya UKIMWI.

Majimaji ya kijivu yenye shombo ya samaki, hasa baada ya tendo la ndoa, huonyesha kwamba vijidudu rafiki wamepungua na wengine wamezidi. Hili wala fangasi si ushahidi kwamba mtu ametoka nje ya ndoa.

Ute wa njano au kijani wenye povu na harufu mbaya huenda ni trikomonasi, ambayo huambukizwa kwa kujamiiana. Kisonono na klamidia huweza kuleta usaha na maumivu chini ya kitovu, lakini mara nyingi mwanamke haoni dalili yoyote. Yasipotibiwa, magonjwa haya mawili hupanda hadi kwenye mirija ya uzazi na kuleta ugumba au mimba kutunga nje ya kizazi. Mtoto naye huweza kuambukizwa macho anapozaliwa. Kwa kuwa magonjwa haya hukaa mwilini muda mrefu bila kujulikana, si rahisi kusema nani ameanza. Badala ya kugombana, nendeni mkatibiwe wote wawili.

Tusijitibu kwa kuosha ndani

Wako wanaojiosha ndani kwa sabuni, ndimu, chumvi au Dettol, na wanaoweka shabu au ugoro ili wakauke. Vitu hivi huua vijidudu rafiki na kuchubua ngozi laini, na mchubuko ni mlango wa maambukizo. Wakati wa kiangazi maji ni ya shida huku kwetu, lakini kopo moja la maji safi latosha kuosha sehemu za nje. Jipanguse kutoka mbele kwenda nyuma.

Huko zahanati

Huenda mhudumu akakupa dawa zaidi ya moja bila kusubiri majibu ya maabara. Usidhani amebahatisha. Ni utaratibu wa kutibu kwa kufuata dalili. Utafiti uliofanyika vijijini mkoani Mwanza, matokeo yake yakatangazwa mwaka 1995, ulionyesha kwamba vituo vya afya na zahanati zilipoboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa, maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI yalipungua kwa karibu asilimia 40. Kumbe kutibu ugonjwa huu mdogo ni kujikinga na mkubwa.

Maliza dawa zote hata kama dalili zimekwisha. Ikiwa ni ugonjwa wa zinaa, mume naye atibiwe, na msikutane kimwili mpaka mhudumu awaruhusu. Mwambie mume kwa upole, wakati ametulia: "Baba, nesi ameomba twende wote."

Usingoje hata siku moja

Nenda kituo cha afya au hospitali upesi ukiona haya:

- ute usio wa kawaida pamoja na homa au maumivu makali ya tumbo;
- harufu mbaya baada ya kujifungua au mimba kuharibika;
- maji au damu kutoka ukiwa mjamzito;
- binti mdogo ambaye hajavunja ungo anatokwa na usaha au damu. Huenda ameingiza kitu, au ametendewa ubaya. Usimgombeze, msikilize.

Na kama unatokwa na damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya kukoma hedhi, au majimaji yenye damu na harufu mbaya, omba uchunguzi wa mlango wa kizazi bila kukawia. Saratani ya hapo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na mabadiliko ya awali hayana dalili. Kwa hiyo, hata usipoumwa, ukifikia miaka 30 nenda ukapimwe. Mhudumu hupaka siki nyepesi na kutazama kama pana sehemu inayogeuka nyeupe. Mabinti nao hupewa chanjo nchini kote tangu mwaka 2018, usimnyime wako.

Unapokwenda, kumbuka kueleza tatizo limeanza lini, rangi na harufu yake, hedhi yako ya mwisho, kama una mimba, na dawa ulizokwisha kutumia. Kama unaona haya mbele za watu, omba kuzungumza na nesi faraghani. Ni haki yako, na kutunza siri yako ni wajibu wetu.