Kuishi kwa Kiasi na Taka za Nyumbani: Tafakari kutoka Pwani ya Mtwara

Utangulizi

Mtumishi anayetembelea nyumba za washarika kati ya Mikindani na Msimbati huona jambo ambalo haliandikwi katika taarifa za usharika. Nyuma ya nyumba kuna shimo, na ndani yake yamo maganda ya mihogo, vifuu, magamba ya samaki, chupa za maji, vipakiti vya sabuni na nepi za kutupa. Baadhi ya vitu hivyo vitaoza na kuwa udongo. Vingine vitadumu kuliko nyumba yenyewe. Katika makala hii tunakusudia kueleza taka hizo zinatoka wapi, zinakwenda wapi, na kwa nini kuishi kwa kiasi ni suala la mafundisho yetu, wala si la usafi peke yake.

Taka zinatoka wapi?

Nyumba ya pwani ya zamani ilikuwa na machache ya kutupa. Kuti liliezeka paa, makumbi yalisokotwa kamba, kifuu kilikuwa kata na baadaye kuni, na chicha walipewa kuku. Sokoni mtu alikwenda na kikapu chake cha ukindu, na mafuta yalipimwa katika chupa ya mnunuzi. Leo mwenye fedha kidogo hununua sabuni, mafuta na majani ya chai ya siku moja, na kila kipimo kina kifuko chake. Hivyo umaskini nao huzaa taka. Tusidhani kwamba ni matajiri tu wanaochafua.

Chanzo cha pili ni msimu wa korosho. Kuanzia mwezi Oktoba fedha huingia, na pamoja nazo huja redio, vyombo vya plastiki na mapambo ya sherehe. Masika yanapofika, vingi vimekwisha kuvunjika, na nyumba ile ile hulazimika kuuza korosho za mwaka unaofuata zingali mtini, kwa bei ya hasara, katika biashara iitwayo kangomba. Taka na deni hutokea mlango mmoja.

Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Zanzibar ilikuwa imetangulia mwaka 2006. Hatua hiyo ilileta nafuu kubwa. Lakini sheria iligusa mifuko ya kubebea. Chupa na vipakiti vilibaki, na tamaa ya moyo haifutwi kwa sheria.

Taka zinakwenda wapi?

Kinachochomwa hutoa moshi wenye sumu, ambao huvutwa kwanza na mama na watoto walio karibu. Kinachofukiwa mchangani hufukuliwa na mvua na kupelekwa kwenye mikoko, ambako samaki wadogo na kamba hukulia. Eneo hili la Ghuba ya Mnazi na maingilio ya mto Ruvuma lilitangazwa kuwa Hifadhi ya Bahari mwaka 2000, lenye ukubwa wa kilometa za mraba 650. Humo kasa hupanda pwani kutaga mayai. Kasa huyo huyo hudhani mfuko unaoelea ni yavuyavu, akaumeza.

Tena, mkondo mkubwa wa bahari utokao mashariki hufika Afrika karibu na pwani hii, na sehemu yake hugeuka kwenda kaskazini. Chupa iliyotupwa Msimbati yaweza kuchukuliwa kuelekea Mafia na Unguja. Swali la yule mwanasheria katika Luka 10, jirani yangu ni nani, laweza kujibiwa hata na maji ya bahari.

Maandiko yanafundisha nini?

Katika Kutoka 16, mana iliyowekwa akiba kwa kutoamini iliingia mabuu. Katika Yohana 6:12, Bwana aliyeweza kuzidisha mikate aliagiza mabaki yakusanywe, kisipotee kitu. Kumbukumbu la Torati 23:12-14 huagiza kambi itunzwe safi kwa sababu Mungu hutembea ndani yake. Naye Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, anapoeleza ombi la mkate wa kila siku, hutaja chakula, mavazi, nyumba, shamba, hata majirani wema. Hadharau vitu, huvipokea kama zawadi. Anayepokea zawadi hawezi kuitumia kama mwizi anayetupa alichoiba.

Hapa tuangalie hatari mbili. Kwanza, kuishi kwa kiasi kusigeuzwe kuwa tendo la kujipatia haki mbele ya Mungu. Ni tunda la imani; mtu aliyekwisha kupewa yote katika Kristo hahitaji kujithibitisha kwa wingi wa vyombo. Pili, tusimhubirie kiasi mama asiye na sufuria ya pili. Kwake, neno la kiasi ni neno la haki: apate maji safi ya kunywa pasipo kununua chupa, na bei ya korosho inayomtosha.

Tufanye nini?

Tuanze kwetu. Tumeshiriki sherehe za Kipaimara ambazo baada yake chupa na sahani za kutupa zilichomwa nyuma ya kanisa, huku watoto waliobarikiwa asubuhi wakisimama katika moshi. Usharika unaweza kununua sahani na vikombe mara moja, vikaazimwa katika harusi na misiba. Mtungi wa maji wenye kata safi watosha ibada nzima.

Nyumbani, familia itenge mabaki yanayooza kwa ajili ya bustani, ishone kabla ya kununua, na kabla ya msimu ikae pamoja na kuandika mahitaji yake. Mchungaji akiombwa ushauri wa ndoa, aulize pia habari za matumizi.

Tuzungumze vilevile na majirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi pwani hii. Nao hufundishwa kwamba israfu ni dhambi. Kusafisha ufuko pamoja hakuhitaji kwanza kukubaliana katika kila fundisho.

Hitimisho

Mitume walibaki na vikapu kumi na viwili vilivyojaa mabaki, navyo vilikuwa chakula. Ndugu msomaji, kabla hujaandaa mahubiri ya Sikukuu ya Mavuno, nenda ukaangalie shimo lililo nyuma ya nyumba yako.